Nafasi ya Justa Katika Picha

Gauni lilikuwa moja, na mikono iliyolishika ilikuwa ya watu wawili wasiojuana. Ilikuwa Jumamosi katika soko la Manundu, mjini Korogwe, pale wanapomwaga mitumba ya watoto juu ya maturubai na kinamama wakainama bega kwa bega kama wanapalilia mahindi.

"Dada, hili nimeshalichukua," alisema Semboja.

"Umelishika, kaka yangu. Kuchukua ni baada ya kulipa."

Semboja akainua macho. Mwanamke alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka na sketi ndefu ya zambarau, na kilemba chake kilikaa upande kidogo, kama kimeteleza na yeye akakipenda hivyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kutuliza kelele bila kupandisha yake.

"Mwanao ana umri gani?" aliuliza yule dada.

"Sina mtoto."

"Mkeo je, mjamzito?"

"Mke pia sina."

"Basi gauni la nini? Au unavaa mwenyewe?"

Muuzaji akacheka mpaka akaangusha pesa za watu. Semboja naye akacheka, akaeleza kwamba ana studio ya picha Chanika, mjini Handeni. Wazazi wanatoka Misima na Kwaluguru na watoto wao wakiwa wamepambwa, lakini wakifika, uji umeshamwagikia kifuani na matope yamepanda hadi magotini. Kwa hiyo ameweka kabati la nguo safi za kuazima.

"Nguo siyo shida yangu kubwa," aliongeza. "Shida ni vilio. Wakiiona kamera tu, wanalia."

"Unawapiga saa ngapi?"

"Wakifika."

"Ndiyo maana. Mtoto hapigwi picha akifika. Anapigwa akishalala, akishashiba, na akishamzoea mpigaji." Akamwachia gauni. "Nafundisha chekechea. Naitwa Justa. Ukishindwa, piga simu."

Semboja alishindwa Jumatatu tu, au alijifanya ameshindwa.

"Madam, nina mapacha hapa. Mmoja analia, mwenzake anamwiga."

"Anayelia mtoe nje akaangalie kuku. Anza na mwenzake."

"Kuku nitawatoa wapi?"

"Handeni siku hizi hakuna kuku?"

Mapenzi yao yalikua hivyo, kwa simu za kuomba ushauri ambazo polepole zilisahau ushauri. Siku za mapumziko Semboja alipanda gari la Korogwe akiwa amevaa shati lake la bluu, ananukia sabuni na manukato, na Justa alimpokea stendi akimtania kwamba amependeza kama bwana harusi aliyekosea ukumbi. Siku moja, wakila wali na maharage karibu na stendi, Justa aliweka kijiko chini.

"Nina mtoto. Grasiana, ana miaka mitatu. Baba yake anaitwa Bonaventura, yuko migodini Kahama. Tuliachana mtoto hajaanza kutembea. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha."

"Sijasema kitu, mpenzi."

"Ndiyo, bado."

Semboja akamwambia mtoto ni baraka, na alimaanisha. Tena alipomwona Grasi alimpenda, na Grasi alimzoea mpaka akawa anampekua mifuko kutafuta karanga. Huyo Bonaventura hakumsumbua. Mtu aliye Kahama ni jina tu, na jina halina mabega.

Kisha ikaja simu ya mama mmoja wa Korogwe, Bibi Yasinta. Alisikia kwamba kuna kijana Handeni anayejua kuwapiga picha watoto wadogo. Yeye na mzee wake walikuwa wanaadhimisha jubilei ya ndoa, na alitaka picha ya ukoo mzima, kuanzia yeye hadi kichanga cha binti yake Catherine.

Semboja akaenda kuangalia nyumba kabla ya siku yenyewe, kama alivyofundishwa na Justa. Akapima mwanga wa baraza, akachagua asubuhi wakati jua halijawa kali, akauliza kichanga hulala saa ngapi na nani kati ya wajukuu anaogopa wageni.

"Viatu vipya wavae leo na kesho, mama, visiwabane siku ya picha. Na nguo zijaribiwe mapema. Kola ikimkwaruza mtoto, hatacheka."

"Wewe ni mtu wa watoto kweli," alisema Bibi Yasinta, akampeleka sebuleni. Juu ya kochi kulikuwa na nguo za kitenge kimoja, cha njano chenye ndege wa bluu, zimekunjwa kwa mafungu. "Hizi za Catherine na mumewe. Hii ya mwanangu Bona, anakuja kutoka Kahama. Hii ya mwanawe Grasi. Na hii," akalipapasa gauni la mwisho, "ya mama yake Grasi, Justa. Waliachana, lakini mtoto ni kamba. Nikiwavisha sare nikawakalisha pamoja, labda akili zitawarudia."

Semboja aliliangalia lile gauni. Lilishonwa na mtu anayekijua kiuno cha Justa. Akasema ni zuri, akaaga, na alipofika stendi alikuwa ameshapiga simu.

"Unajua nimetoka wapi?"

"Wapi, mpenzi?"

"Kwa mama mkwe wako."

"Yule ni bibi yake Grasi. Mama mkwe sina."

"Amekushonea sare. Ukae na Bona."

"Ameniambia juzi. Nilitaka nikwambie ukija Jumapili, tukiwa tunaangaliana, siyo kwenye simu."

"Na huyo Bona anakuja."

"Anakuja kumwona mwanawe."

"Mwanawe tu?"

"Semboja, unauliza nini hasa?"

Akasema gari linaondoka, maana alichotaka kuuliza kilikuwa na aibu.

Wivu ni mgonjwa anayependa kutonesha kidonda chake mwenyewe. Jumapili Semboja hakwenda Korogwe, alisingizia kazi. Jumatano jioni, jua likiwa bado juu ya mabati ya Chanika, alipiga simu, na kabla Justa hajasema haloo alisikia nyuma yake kicheko cha mwanamume, kizito, na Grasi akipiga kelele za furaha.

"Nani huyo?"

"Baba Grasi. Amemletea viatu. Sembo, afadhali umepiga, kuna jambo nataka..."

"Viatu tu?"

"Nisikilize kwanza."

"Hapana, nimeshasikia. Kaa na familia yako. Mimi nitakuja kuwapiga picha. Mpendeze."

Justa akakata simu. Baadaye akaweka kwenye status yake picha ya Grasi na viatu vyekundu. Semboja akaikuza kwa vidole. Ukingoni, juu ya sakafu, palionekana ncha ya kiatu kikubwa cha ngozi. Akakitazama kile kiatu muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto. Justa alipopiga, simu ililia mikononi mwake mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Semboja akaizima.

Akamwomba Isaka, mpiga picha mwenzake wa Handeni, amshikie ile kazi. Isaka akakubali. Saa moja haijapita, Semboja akarudi kwake.

"Acha, nitakwenda mwenyewe."

"Si umesema unaumwa?"

"Naumwa. Lakini nataka kuona."

Siku ya picha, Bonaventura ndiye aliyemfungulia geti. Jina lilikuwa na mabega, tena mapana, yaliyokijaza kile kitenge cha njano. Alinukia vizuri na alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyomuuma Semboja kuliko vyote.

"Karibu kaka, tumesikia sifa zako. Nikusaidie mkoba?"

"Nitabeba mwenyewe."

Uani, nyumba nzima ilikuwa mbio. Catherine alikuwa ananyonyesha kichanga kishibe kilale. Mjukuu mmoja alikataa kofia, mwingine alikataa suruali. Bibi Yasinta, shingoni amefunga kanga ili poda ya usoni isiangukie sare, aliamuru kila mtu na hakuna aliyemsikiliza. Semboja akatandika mkeka barazani, akatundika shuka jeupe ukutani, na kila geti lilipolia aligeuka.

Justa alikuja akimshika Grasi mkono. Mtoto alivaa sare na viatu vyekundu. Mama alivaa gauni la kijani lisilo na ua hata moja.

"Za kazi?" alimwambia Semboja, kama anavyosalimiwa mtu wa posta.

"Nzuri."

Bibi Yasinta akatoka ndani. Justa akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sare yako iko wapi?"

"Ipo nyumbani, mama. Nimeikunja vizuri, nitairudisha."

"Uirudishe kwa nini? Haya, hata hivyo umependeza. Kaa hapo kwa Bona, Grasi katikati."

Baraza zima likatulia, hata aliyekataa suruali. Semboja alikuwa ameshaweka jicho kwenye kamera, na akabaki amejificha hapo kama mtoto nyuma ya mlango. Kwenye kioo aliona nafasi iliyoachwa kando ya Bonaventura, ikimsubiri mtu.

"Mama, naomba nisikae," alisema Justa. Hakupandisha sauti. "Grasi ni wenu, na mimi sitamtoa kwenu hata siku moja. Awe hapo katikati. Lakini pale mimi siyo pangu."

"Mwanangu, picha tu."

"Picha hubaki, mama."

Bibi Yasinta akafungua kinywa, lakini Bonaventura akamwahi. "Mama, tumeshaongea. Jumatano nilikwenda kwake nikamwomba turudiane. Amekataa, na sababu ameniambia. Ana mtu wake. Sasa tupige picha, watoto watachoka."

Jumatano. Semboja alihisi masikio yake yakiwaka moto. Justa alikuwa ametoka tu kumkataa mtu kwa ajili yake, akapokea simu amwambie, na yeye akamrushia neno la kuudhi.

Bibi Yasinta aliketi, akajifunga upya kanga aliyosahau kuivua, akaivua. "Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Piga, kijana."

Justa akapita kando ya mkeka, akaja kusimama nyuma ya kamera, begani kwa Semboja.

"Usifikiri nimesimama hapa kwa ajili yako," alimnong'oneza. "Nimekuja kwa ajili ya watoto. Wakilia, picha itaharibika."

Kisha akawageukia wajukuu, akaficha uso kwa viganja, akafanya kama amepotea, akajitokeza upande wa pili. Wakacheka wote, na kichanga kikafumbua macho. Semboja akapiga. Akapiga wazee peke yao, akapiga Catherine na wa kwake. Mwisho Bonaventura akamwinua Grasi, akamweka mabegani.

Grasi hakulia wala hakumtafuta mtu mwingine. Alimshika baba yake masikio kama usukani, akacheka kwa kinywa chote, na Bonaventura akacheka chini yake. Kilikuwa kicheko kimoja kwenye nyuso mbili. Semboja alikuwa hajawahi kuona jinsi mtoto yule alivyofanana na baba yake. Kidole chake kikakataa kushuka. Angeweza kusema betri imekwisha, na nani angejua?

"Piga," alisema Justa taratibu.

Akapiga, na palepale akajua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Watu walipoingia ndani kula pilau, Semboja alibaki akikunja shuka. Justa akaja akashika ncha ya pili.

"Nisamehe," alisema Semboja.

"Kwa lipi?"

"Kwa neno la Jumatano. Na kwa kuzima simu."

"Neno liliniuma. Simu iliniuma zaidi." Wakakutanisha ncha za shuka. "Mwanamume mmoja amekaa sebuleni kwangu ananiomba nirudi, nimemwambia nina mtu. Halafu huyo mtu hapokei. Unajua nilivyojiona?"

"Najua."

"Hujui. Lakini nisikilize. Bona ni baba wa Grasi. Atapiga simu. Atakuja. Kama huwezi kulibeba hilo, sema leo, tukiwa bado tunaheshimiana."

Semboja alifikiri, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuharakisha kujibu. "Siwezi kukuahidi kwamba sitaona wivu. Yule mtu ana mabega kama mlango. Nitaona. Ninachoweza ni kukwambia wivu ukinishika, badala ya kukuzimia simu."

Justa akamkabidhi shuka. "Ile picha ya Grasi na baba yake, ichapishe kubwa. Nataka itundikwe chumbani kwake, popote atakapolala."

"Hata akilala kwangu?"

"Hasa akilala kwako."

Semboja akalikunja shuka mara nyingine. "Nitaitafutia fremu nzuri."

"Basi Jumapili ijayo panda Mpale, kijijini kwetu, ukamwone baba yangu. Usije na kamera, yeye hapendi. Njoo na mshenga."

Semboja alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake redioni. Dirisha likafunguka, na Bonaventura akatoa kichwa.

"Mama Grasi, njoo bwana, huyu anakataa kula mpaka umlishe wewe!"

"Nakuja," aliitikia Justa, akaanza kwenda.

Semboja akaweka shuka mkobani. "Hiyo 'njoo bwana'," alisema, "imenichoma."

Justa alisimama, akageuka. Kisha akarudi hatua zote alizokwenda, akamshika mkono mbele ya lile dirisha lililo wazi.

"Twende tukale," alisema. "Utamlisha wewe."