Vijiti Pacha vya Kumbukumbu

Nyumba ya seremala haijui kimya. Uani yeye hupiga randa. Sebuleni mkewe, mchora ramani za majengo, huongea na kompyuta yake. Wiki hii anagombana nayo.

"Baba watoto, njoo uone! Nikizungusha jengo, picha inachechemea. Inakwama, inaruka, inakwama tena."

Ilikuwa ramani ya wodi ya wazazi. Mkunga mkuu alishakuja kuiona mara moja, picha ikakwama, akaondoka hajaelewa kitu. Leo saa tisa anarudi. Asipoielewa tena, ujenzi utasogezwa hadi mwakani, na kina mama wataendelea kujifungulia kwenye korido.

"Lakini jana si nimenunua vijiti viwili vya kumbukumbu, hizi RAM?" seremala alisema. "Tena nimevichomeka kwa mkono wangu!"

"Ndiyo, na bado inachechemea."

Seremala alinywea. Haya, kuuliza si ujinga. Akaenda kumwita jirani yao, fundi wa kompyuta, ambaye mtaa mzima humwita Bi Nyaya.

Bi Nyaya alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani. Akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Akafungua kasha, kisha akagusa chuma chake.

"Mwili nao una umeme wake," alisema. "Ukivishika vijiti hivi kabla ya kugusa chuma, unaweza kuviharibu usijue."

Akachungulia ndani, akaguna. "Shemeji, nafasi ziko nne. Mbona umevibananisha kwenye mbili za mwanzo?"

"Mimi seremala, jirani! Ubao hukaa na ubao mwenzake. Nikiacha pengo, mteja ananirudishia kabati."

Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huku pengo linatakiwa," Bi Nyaya alisema. "Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huwasiliana na kumbukumbu kwa njia mbili. Kila njia ina nafasi mbili. Wewe umejaza njia moja, nyingine iko tupu. Ni kama kubeba ndoo mbili kwa mkono mmoja."

"Kumbe nimenunua bure!"

"Hata! Kununua umenunua vizuri. Ni pacha hawa: aina moja, ukubwa mmoja, kasi moja. Wamekosea kiti tu. Kijitabu cha bodi, yaani ubao huu wenye nafasi, kiko wapi?"

Kijitabu kilikuwa bado kwenye nailoni yake, hakijafunguliwa. Seremala aliona haya kukitoa. Mchoro ulionyesha nafasi ya pili na ya nne, ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

"Bodi nyingi ziko hivyo, lakini si zote," Bi Nyaya alisema. "Usikisie, soma. Haya, fanya mwenyewe."

Seremala aligusa chuma. Akafungua vibanio, akatoa vijiti. Akalinganisha mkato wa kila kijiti na kinundu cha nafasi yake, akakandamiza huku na huku. Ta! Vibanio vikajifunga.

Walipoiwasha, ukurasa wa mipangilio ulionyesha njia mbili zinafanya kazi. Mke akazungusha jengo. Likazunguka taratibu, bila kukwama.

"Alaa!" seremala alipiga makofi.

"Msidhani imekuwa ndege," Bi Nyaya alisema. "Kompyuta hii haina kadi yake ya picha, inachora kwa kumbukumbu hiyo hiyo. Ndiyo maana tofauti inaonekana. Kwa kuandika barua tu, msingeiona sana."

Saa tisa mkunga mkuu aliketi mbele ya skrini. Mchoraji alimpitisha wodini, chumba kwa chumba. Mara mkunga akainua mkono.

"Simama hapo! Mlango huu ni mwembamba. Kitanda chenye mama hakitapita."

Mchoraji alishtuka. Kwenye karatasi hakuna aliyeliona hilo, hata yeye. Aliupanua mlango papo hapo, akampitisha tena mkunga kutoka mwanzo.

Mkunga aliyafuta macho yake.

"Sasa kinapita," alisema. "Waambieni waashi waje Jumatatu."