Sidii Sitini na Moja

Mimi nikihesabu kitu, kimehesabika. Hakuna haja ya kurudia. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama asubuhi moja, nimeegemea meza ya duka kama mkurugenzi. Nyumbani wananiita Redio, kwa sababu nikiwashwa sizimiki.

Duka letu ni la kuchapa na kutoa nakala. Lina kompyuta tatu kuukuu na printa moja yenye kiburi. Kompyuta zetu zinatumia mfumo endeshi huru. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuiambia la kufanya. Huu wetu hauuzwi. Unapewa bure, na ukipenda unamnakilia jirani bila kuvunja sheria. Mama alikuwa akiuweka kwenye sidii kwa kila aliyeomba. Kwa kila sidii iliyotoka, alichora kijistari nyuma ya mlango.

Sasa printa ilikuwa imegoma. Kompyuta inasema chapa, printa inapepesa taa tu, kama mtu anayejifanya hasikii. Mitihani ilikuwa karibu, na wanafunzi wa mtaa mzima huchapa kazi zao kwetu.

"Wakija wakute printa imelala, watahamia kwingine," mama alisema. "Na mteja akishazoea njia nyingine, harudi."

Alimpigia simu fundi wa chama cha watumiaji wa mfumo wetu. Fundi huyo ni mwanamke mfupi, mcheshi, na begi lake lina nyaya nyingi kuliko nguo.

"Dada, ningependa kuja," fundi alisema. "Lakini chama kina mafundi wawili tu, na sote tunajitolea. Tunaweka meza ya msaada kila wiki mahali penye watumiaji ishirini na watano au zaidi katika daftari letu. Mtaa wenu una wawili."

"Wawili! Mimi peke yangu nimewapa watu chungu nzima!"

"Wamejiandikisha?"

Mama akavitazama vijistari vyake nyuma ya mlango.

"Wakijiandikisha kabla mwezi haujaisha, nitakuja."

Ndipo nikatoa lile tambo langu. Nikaenda nyuma ya mlango, nikahesabu vijistari. Sitini na kimoja! Nikalifungua daftari la chama kwenye mtandao. Lilikuwa linauliza mambo machache: jina au lakabu, mtaa, kazi unayoifanyia mfumo, na anwani ya barua pepe. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeandika watu sitini na mmoja. Niliowasahau majina, niliwatungia. Bwana Kofia. Mama Miavuli. Yule Mrefu. Wote niliwapa anwani moja, ya duka.

"Mama, mtaa umejaa!" nikasema.

Kilichojaa ni sanduku la barua la duka. Daftari lile humwandikia kila mtu kumuuliza: "Je, ni wewe uliyejiandikisha? Bonyeza hapa kukubali." Basi zikaingia barua sitini na moja kwa mpigo. Sanduku likaelemewa, likajifunga.

Saa tisa aliingia muuguzi anayeishi nyuma ya duka, anahema.

"Mama Redio, maombi yangu ya kazi umeshayapanga? Mwisho wa kuyapeleka ni kesho!"

"Sijayaona, mwanangu."

"Nimeyatuma mara tatu!"

Mama akageuka polepole. "Redio. Umefanya nini?"

Muuguzi alilazimika kurudi nyumbani na kuyaleta kwenye flashi. Mama aliyapanga humohumo, yakawahi, lakini macho aliyonitazama nayo ninayakumbuka mpaka leo.

Kesho yake fundi alipita akitoka kazini. Alikuwa amelisoma daftari, na alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu Yule Mrefu," aliuliza, "ana urefu gani hasa?"

"Inategemea amevaa viatu gani," nikajibu.

Alikaa akawafuta wote, mmoja mmoja. Niliumia kidogo alipofika kwa Mama Miavuli.

"Lakini fundi," nikasema, "sidii sitini na moja zimetoka. Si ndio watu sitini na mmoja?"

"Ingekuwa sukari, ungehesabu mifuko iliyouzwa. Mfumo huu hauuzwi, hauna risiti. Sidii moja inaweza kuzaa kompyuta kumi. Nyingine isizae hata moja. Kwa hiyo hatuhesabu sidii. Tunawauliza watu wenyewe: unautumia? Tuambie."

"Na asiyesema?"

"Hatumjui. Ndiyo maana daftari letu ni pungufu siku zote, na sisi tunajua. Tukiulizwa tuko wangapi, tunasema 'si chini ya hawa'. Hatusemi 'ni hawa tu'. Lakini afadhali pungufu la kweli kuliko jingi la uongo. Mimi ningekuja hapa kumtengenezea Bwana Kofia, na mtaa mwingine wenye watu wa kweli ungekosa fundi. Ungejisikiaje?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Kila mtu ajiandikishe mwenyewe, kwa hiari yake," fundi aliendelea. "Hataki jina, aandike lakabu. Nywila ya barua pepe yake usimwombe, na mwambie asimpe yeyote. Na akitaka kutoka, anafutwa siku hiyohiyo."

Mama alinionyesha mlango kwa kidole. "Hesabu ya kukaa imekushinda. Nenda kahesabu kwa miguu."

Nikaenda. Nilianza kwa mkulima wa mboga, aliyechukua sidii mbili. Nilizikuta zimetundikwa kwenye kamba katikati ya bustani, zinang'aa.

"Zinafukuza ndege," alisema kwa fahari. "Mwambie mama yako programu ni nzuri sana."

"Kompyuta unayo?"

"Ya nini?"

Nikaaga. Kwa shangazi yangu, anayefundisha ushonaji, nilitegemea mtu mmoja, maana alichukua sidii moja. Nikamkuta na wanafunzi wanane, wote wanachorea mitindo kwenye kompyuta zenye mfumo wetu.

"Ile moja tumeizungusha hapa mpaka imechakaa," shangazi alisema. "Kwani mlituandika wangapi?"

"Mmoja, shangazi."

"Haya, wanangu, kaeni mjiandikishe. Redio anasema hatupo!"

Kwa kinyozi mambo yalikuwa mengine. Mfumo anautumia kupigia muziki. Alinisikiliza mpaka mwisho, wembe mkononi, kisha akasema, "Jina langu lina shughuli nyingi. Sitaki kuliongezea nyingine."

"Hata lakabu?"

"Hata lakabu."

Nilifungua mdomo nimbembeleze. Nikakumbuka hiari. Nikaufunga. Taya ziliniuma.

Mjomba wangu seremala ndiye aliyenitoa jasho.

"Ni kodi?"

"Si kodi, mjomba."

"Ni kura?"

"Si kura."

"Basi mnanihesabu ili mnile?"

"Tukule nini, mjomba, na mifupa hiyo?"

Akacheka, akapangusa vumbi la mbao, akajiandikisha. Kisha akawaita vibarua wake watatu wanaochora vipimo vya meza kwa mfumo uleule. Hivyo ndivyo hesabu ilivyopanda, mlango kwa mlango, kwa wiki tatu. Ikafika ishirini na nne. Asubuhi ya siku ya mwisho wa mwezi likaingia jina la ishirini na tano: bibi yangu, mama yake mama, anayesoma magazeti kila siku kwenye kompyuta yetu ya tatu.

Mchana fundi akaja. Mama alikuwa amefagia mara mbili. Bibi alikaa kwenye benchi, na mjomba alikuja kutazama. Fundi akaweka begi lake mezani, lakini hakulifungua.

"Nina swali moja tu kabla sijaanza," alisema. "Wote wamejiandikisha kwa hiari?"

"Fundi!" nikajibu, mkono kifuani. "Hakuna hata mmoja niliyemsukuma. Hata kinyozi nilimwacha na amani yake."

"Na mimi je?" Bibi akauliza kutoka kwenye benchi.

"Wewe vipi, Bibi?"

"Asubuhi niliomba miwani yangu nisome gazeti. Ukaniambia, 'Bonyeza hapa kwanza, Bibi, ndipo nikuonyeshe ilipo.' Nimebonyeza kitu nisichokiona. Na miwani bado sijaipata."

Watu wote wakanigeukia. Niliitoa mfukoni polepole. Mjomba alikohoa, lakini hakikuwa kikohozi.

"Bibi, samahani sana," fundi alisema. Akafungua daftari, akamfuta. "Sasa mko ishirini na nne."

Akavuta begi lake. Mama aliitazama printa, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama sakafu.

"Ngoja kwanza, fundi," Bibi akasema, huku anavaa miwani. "Hilo daftari lenyewe ni la nini?"

Fundi akamweleza, kwa maneno machache.

"Kumbe ni hivyo tu?" Bibi akashangaa. "Redio, si ungeniambia? Ningejiandikisha siku ya kwanza!"

Akahamia kwenye kompyuta. Nikasogea nimsaidie.

"Kaa mbali," akasema.

Aliandika kwa kidole kimoja. Muuguzi, aliyekuwa amepita kusalimia, aliniambia nipumue. Mwisho kulikuwa na nafasi ya kuandika neno la ziada, na hapo Bibi alikaa muda mrefu zaidi. Kisha akaifungua barua ya kuthibitisha, akabonyeza, safari hii akiona kwa macho yake mwenyewe. Ishirini na watano.

Fundi akafungua begi. Programu inayoiunganisha kompyuta na printa ilikuwa imepitwa na wakati. Akaweka mpya. Printa ikakohoa, ikanguruma, ikaamka. Meza ya msaada iko kwetu kila Alhamisi tangu siku hiyo, na wanafunzi hawakuhama.

Karatasi ya kwanza kutoka kwenye printa ilikuwa ya Bibi. Alitaka nakala ya alichoandika. Mama aliisoma, akacheka mpaka akakaa, akaibandika mlangoni. Inasema: "Nimejiandikisha kwa hiari yangu. Mjukuu wangu asiguse tena miwani yangu."

Mteja wa kwanza baada ya hapo alikuwa mwanafunzi mwenye miwani mikubwa. Akaisoma karatasi. Akanitazama. Akavua miwani yake, akaitia mfukoni, na kuushikilia mfuko.