Mlinzi wa Kaskazini Aondoka Hekaluni

Sanamu ilikuwa imetoweka. Juu ya madhabahu palibaki duara lisilo na vumbi, na kando yake mikufu yake saba ya dhahabu, imepangwa vizuri.

Inspekta Chiu aliinama akaitazama. Mwizi gani huyu, anachukua sanamu ya mti iliyokula moshi miaka mia, anaacha dhahabu?

"Nilikwenda kununua udi saa tatu asubuhi," alisema Mzee Yen, mtunza hekalu. "Kurudi, mungu wetu, Mlinzi wa Kaskazini, hayupo. Kaenda na kobe na nyoka waliochongwa miguuni pake."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Nani aje kuiba huku, afande? Hata wa kuja kuomba hawapo. Vijana wote wako Taipei."

Sakafuni vililala vibao viwili vya kupigia ramli, vya umbo la mwezi mchanga. Kimoja chali, kingine kifudifudi.

Mzee Yen alishusha sauti. "Hilo ni jibu la mungu: ndiyo."

"Yaani mwizi ameomba ruhusa?"

"Na amepewa."

Chiu alipaka unga kwenye ukingo wa madhabahu. Alama za vidole zilijitokeza, zimevurugwa na mafuta. Alinusa. Kafuri.

"Mafuta ya kuchua. Nani hapa kijijini anauguza?"

"Bi Kuo," mzee alijibu taratibu. "Mumewe, Chuang, ndiye aliyekuwa akipandwa na mungu wetu. Miaka arobaini tulimsikia mungu kupitia kinywa chake. Sasa amepooza, mwaka wa tatu huu."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Mzee Yen aliangalia viatu vyake. "Mwaka juzi."

Nyumba ya Bi Kuo ilikuwa mwisho wa mashamba ya vitunguu saumu. Chiu alifika saa tisa alasiri. Bi Kuo alifungua kabla hajabisha.

"Nimefuata sanamu, mama."

"Najua. Vua viatu."

"Uliichukua wewe?"

"Mimi. Nilimbeba mgongoni kwa mbeleko."

"Si ungeiomba kamati ya hekalu?"

"Niliomba mara mbili. Wakasema mungu haingii nyumba yenye ugonjwa. Nikaona nimuulize mwenyewe. Nilirusha vibao mara tatu, akakubali mara tatu."

"Yuko wapi?"

Alisogeza pazia. Mungu mwenye uso mweusi alisimama kando ya mto wa kulalia, upanga juu. Mkono wa Chuang ulikuwa umeshika gamba la kobe.

Chiu aligusa kifundo cha mkono ule. Baridi.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tano. Alifumbua macho akasema, 'Kumbe umekuja.' Sijui alikuwa akimwambia yeye au mimi."

"Mbona hukumwita mtu?"

"Nani?"

Chiu aliandika saa kwenye daftari lake, kisha kalamu ikasimama.

"Na sanamu, mama? Mbona hukuirudisha?"

Bi Kuo aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Chuang alikuwa na wa kukaa naye, afande. Kila mmoja alikuwa na mwenzake. Nikishamrudisha mungu, na mume wangu wakamchukua, mimi nitapika chakula cha nani?"

Chiu alitoka barazani akapiga simu hekaluni.

"Mzee Yen, nimeipata."

"Nije kuichukua?"

"Hapana. Chuang amefariki. Njoo na watu."

"Wangapi, afande?"

"Wote waliobaki."