Vidole vya Kamusi

Mafundi wa karakana ya mabasi walimwita mtunza stoo wao Kamusi. Ukimwonyesha nati moja tu, alikuambia ni ya gari gani na iko rafu ya ngapi. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kila asubuhi mafundi walikuja dirishani kwake, wakataniana, wakachukua spea, wakaenda zao.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Foleni ya dirishani ikawa ndefu. Kamusi alichukua boksi, akalisogeza karibu na pua, akalirudisha, akachukua lingine. Siku moja fundi wa breki akaingia ofisini kwa meneja na bolti mbili mkononi.

"Bosi, tazama. Nimeomba za breki, nimepewa fupi. Ni mara ya pili wiki hii. Nisingezipima, basi lingetoka na abiria."

Meneja alikuwa mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Alimwita Kamusi.

"Una nini siku hizi?"

"Sina kitu, Bosi. Uchovu tu."

"Basi kuanzia Jumatatu utakaa getini. Kule hakuna bolti. Utapumzika."

Bosi alidhani amemsaidia. Kamusi akasema polepole, "Getini siendi. Kama sifai, niambie sifai. Lakini usinizike nikiwa hai."

Maneno hayo yalimchoma Bosi. Jioni, akichambua mboga na wifi yake, alimsimulia bila kumtaja mtu. Wifi huyo alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho.

"Ulimuuliza kama anaona vizuri?" wifi aliuliza.

"Nimuulizeje? Nitamwaibisha."

Wifi alicheka. "Kaka yangu alisema ameoa mwanamke mwenye akili. Leo umeziacha wapi? Huenda mtu huyo haoni vizuri, na anaficha kwa sababu anaogopa kufukuzwa."

"Kama haoni, kazi ataifanyaje?"

"Wewe hujui, na mimi sijui. Anayejua ni yeye. Mwite faraghani. Si lazima akueleze ugonjwa wake wote. Muulize nini kinamkwamisha, na nini kitamrahisishia kazi. Jaribuni pamoja, halafu mkae tena muone kama inafaa. Na siri yake usiitangaze. Wa kuisema ni yeye mwenyewe."

Asubuhi Bosi alikwenda stoo mwenyewe. Akafunga dirisha.

"Jana nilikosea," alisema. "Nilikuamulia mambo yako bila kukuuliza. Niambie, hapa kinachokukwamisha ni nini?"

Kamusi alipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Maandishi, Bosi. Daktari anasema nguvu ya macho iliyopotea hairudi. Dawa inazuia isizidi kupotea. Lebo hizi naziona kama sisimizi wanatembea. Lakini vidole vyangu viko sawa."

Akaingiza mkono kwenye boksi, akatoa bolti bila kuitazama. "Hii ni ya kiti." Akatoa nyingine kwenye boksi la pili. "Hii ni ya breki. Tufunge bolti moja nje ya kila boksi, niiguse kabla sijafungua. Nipate taa kwenye kila rafu, na namba kubwa nyeusi. Na mafundi waandike kwa herufi kubwa. Mwandiko wao ni kama kuku ameparura."

Bosi aliandika yote. Kisha akampigia simu mkurugenzi.

"Kwa nini usitafute mtu mwenye macho mazuri?" mkurugenzi aliuliza.

"Mwenye macho mazuri nitampata. Mwenye miaka kumi na tisa ya stoo hii nitamtoa wapi? Nipe mwezi mmoja. Kwa sasa kila bolti ya breki itapimwa mara mbili."

Kamusi mwenyewe ndiye aliyewaeleza mafundi. Fundi wa breki alikuwa wa kwanza kushika waya na kufunga bolti kwenye maboksi.

Wiki ya kwanza haikwenda vizuri. Taa mbili zilimwakia Kamusi usoni, akaona vibaya kuliko mwanzo. Ijumaa alikaa na Bosi wakazungumza. Fundi umeme akazihamishia juu, nyuma ya bega lake.

Mwezi ulipokwisha, hakuna bolti hata moja iliyokosewa. Foleni ilipungua. Hata mafundi wenye macho makali walizipenda zile namba kubwa. Mkurugenzi hakuuliza tena.

Siku chache baadaye mchomeleaji, kijana mwenye bidii, alibisha hodi ofisini.

"Bosi, nina jambo langu. Nimelificha mwaka mzima. Sikio la kushoto halisikii. Mkiniita nikiwa nachomelea, mnadhani nina kiburi."

Bosi alikuwa amekaa upande wa kushoto wa kijana huyo. Alinyanyuka, akabeba kiti chake, akakiweka upande wa kulia.

"Haya," alisema. "Nieleze."