Mstari Alioandika Kaka

Siku kaka yake alipotoka kwenda hospitali asirudi tena, Kitinda alikuwa akifagia ukumbi wa zahanati, kama kila asubuhi kabla ya shule. Kaka alipita amejishika tumbo, akamtania, "Usiniachie vumbi, mtoto wa mwisho!" Jioni nguo na viatu vyake vililetwa nyumbani.

Tangu hapo mama yao, muuguzi mkuu wa zahanati hiyo, alitoa amri moja: kompyuta ya zahanati iliyotunzwa na kaka isibadilishwe chochote. "Iacheni alivyoiacha." Hakuna aliyebisha.

Wakati wa likizo, kipimajoto cha jokofu la chanjo kiliharibika. Fundi wa majokofu alifunga kipya, akakipa namba ya mtandao iliyokuwa ya kile cha zamani. Lakini kwenye kompyuta, mahali pa kuonyesha joto, palikaa kistari kitupu. Kengele ya hatari ilikuwa kimya, na kimya hicho kilitisha. Nje jua lilichoma, taa zilififia na kurudi, na ndani ya jokofu mlikuwa na chanjo za watoto wa mtaa mzima. Hakuna aliyejua mna joto kiasi gani.

"Kifaa changu kizima, mama," fundi alisema. "Mtandao wenu ndio umenuna."

"Fundi, utani uweke mfukoni kwanza."

Kitinda alisogea. "Mama, naomba niangalie. Sitabadilisha kitu bila kukuambia."

Mama alisitasita, kisha akampisha kiti.

Kitinda alianza na waya: umekaa vizuri, taa yake inawaka. Akaiita printa kwa namba yake, ikaitika. Basi mtandao haukununa. Akafungua jedwali la anwani, kama kaka alivyomfundisha. Humo namba ya kila kifaa hukaa mkabala na anwani kiliyopewa kiwandani, ili kompyuta ijue ujumbe uende wapi. Akalinganisha na kibandiko cha kipimajoto kipya.

"Mama, namba ni ileile, lakini anwani ya kiwandani ni ya kile kibovu. Kompyuta inakiita kifaa tulichokwisha kutupa."

"Mbona haijirekebishi?" fundi aliuliza.

"Mistari mingine hujirekebisha. Huu kaka aliuandika mwenyewe, akaufunga usibadilike, ili kompyuta isikipoteze kipimajoto. Lazima ufutwe, kompyuta ijiandikie mpya."

Mama alishika ukingo wa meza. "Mwanangu, si aliuandika yeye?"

"Ndiyo, mama."

Taa zikafifia tena. Ukumbini mtoto mchanga akaanza kulia.

"Futa," mama alisema.

Kitinda akafuta. Mara namba za joto zikatokea, nyekundu, zikipanda. Kengele ikalia kwa ukali.

"Masanduku ya barafu, haraka!" mama alipaza sauti.

Wote watatu walihamisha chanjo mbio mbio. Joto lilikuwa ukingoni kabisa mwa kuziharibu. Nyuma ya jokofu, fundi alikuta mota imezimika, wala hakutania tena.

Kazi ilipokwisha, mama alimvuta Kitinda karibu. "Nilidhani kumheshimu kaka yako ni kutogusa alichokiacha. Yeye aliuandika mstari ule ili chanjo zisiharibike. Tungeulinda mstari, chanjo zikaoza, tungekuwa tumemheshimu kwa lipi? Umefanya vema kuchunguza kwanza, ukasema ukweli hata uliponiuma."

Siku hizi kifaa kipya kikifungwa katika zahanati hiyo, fundi haondoki mpaka Kitinda alitazame jedwali.