Sura Kumi na Tisa za Mama

Kanzidata ya maktaba iliharibika Jumatatu, na sauti ya mama yake Kitinda ilikuwa humo.

Maktaba ilikuwa na chumba kidogo chenye trei za mayai ukutani za kuzuia kelele. Humo watu walijitolea kuwasomea wasioona. Kila sura iliyorekodiwa iliingia kwenye kanzidata, yaani ghala la ndani ya kompyuta ambalo kila kitu kina mahali pake na namba yake. Mama alisoma kitabu kimoja tu, sura ishirini na mbili, mwezi wa tatu mwaka uliopita. Mwezi wa sita akafariki.

Tangu hapo, kila akitoka shule, Kitinda alivaa spika za masikioni akasikiliza sura moja. Hadithi aliijua yote. Alichongojea ni mama akohoe, au acheke na kusema, "Ngoja, kurasa zimegandana." Hapo Kitinda alifumba macho asiyafumbue upesi.

Jumatatu hiyo umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Kompyuta ilipowashwa, ghala halikufunguka. Shangazi yake Kitinda, ambaye ndiye mkutubi, akamwita fundi.

"Diski ya akiba tunayo," shangazi alisema. "Kila Ijumaa Kitinda hunakili ghala lote. Tazama daftari, ametia alama ya vema wiki zote."

"Basi kazi ndogo," fundi alisema. "Nafuta hili bovu, naweka nakala ya akiba. Chai haitapoa."

"Chai yako wewe huota ukungu!" alicheka Bwana Sikio, mzee asiyeona ambaye hakukosa siku pale.

Kitinda hakucheka. Kunakili kulichukua dakika arobaini, na kompyuta ikinakili haikuweza kurekodi wala kucheza sauti. Mama alipokuwa hai, Kitinda aliruka kazi hiyo ili mama asome. Alipofariki, aliiruka ili amsikilize. Alama ya vema alitia tu. Nakala iliyokuwa kwenye diski ilikuwa ya mwezi wa pili mwaka uliopita. Mama hakuwemo.

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe.

"Usifute!" Kitinda alipiga kelele. "Sikunakili. Tangu mwezi wa pili mwaka jana sijanakili hata Ijumaa moja."

Fundi aliondoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Shangazi alifunga daftari.

"Ningebonyeza, binti, tungebaki na ya zamani tu," fundi alisema. "Sasa hatugusi kitu. Nitanakili hili bovu lilivyo kwenye diski nyingine, nifanye kazi kwenye nakala hiyo. Nitachimbua kipande kimoja kimoja. Lakini vingi vitatoka bila namba. Nani atajua kipi ni cha wapi?"

"Mimi," alisema Kitinda. "Cha mama nakijua chote."

"Na vingine mnavyo hapa," Bwana Sikio akajigonga sikio. "Mnadhani nilipewa jina hili kwa urembo?"

Walifanya kazi siku sita. Fundi alitoa vipande, wao wakasikiliza. "Hapa anakohoa mara mbili, sura ya saba," Kitinda alisema. "Hapa kurasa zimegandana, ya kumi na tatu." Mara nyingine alifumba macho, na fundi akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Jumamosi jioni shangazi alimkalisha kando yake.

"Alama ya vema haihifadhi kitu, Kitinda. Kinachohifadhi ni kazi yenyewe. Ungeniambia unataka kumsikiliza mama, tungenakili asubuhi kabla hujaja. Hata mimi wifi yangu namkumbuka. Na mimi nina kosa, nilitazama daftari, sikuitazama diski. Lakini uliposema kweli, ulisema kabla kidole hakijashuka. Hicho ndicho kilichotuokoa."

Kisha wakahesabu. Tangu mwezi ule wa pili vilikuwa vimerekodiwa vitabu thelathini na vinne. Vitatu havikurudi kabisa, na wasomaji wake walishahama mji. Kitabu cha mama kilirudi sura kumi na tisa. Zilizopotea ni ya nne, ya tisa na ya mwisho, ile ambamo mama alifunga kitabu na kusema, "Haya Kitinda, twende nyumbani."