Utafiti Uliotiwa Kufuli

Kila asubuhi Mama Usafi alifagia banda lake la kuku. Aliosha vyombo vya maji kwa sabuni, akavisuuza mara tatu, akavianika juani. Hata maji ya kuku ya kunywa aliyatia dawa ya maji. Jina hilo alipewa na majirani, tena kwa haki. Banda lake lilikuwa safi kuliko sebule za watu wengine.

Lakini kuku wake walikufa.

Miaka mitatu iliyopita kideri kiliua kuku wake arobaini. Ugonjwa huo humpindisha kuku shingo, na haukawii kumaliza banda zima. Mwaka jana kiliua sitini. Na wote walikuwa wamepewa chanjo! Mama Usafi mwenyewe aliichanganya kwenye maji ya kunywa, kama watu wote wa mtaa walivyofanya.

Nyuma ya ukuta aliishi wifi yake, dada wa mumewe. Banda la wifi lilijaa utando wa buibui. Vyombo vyake vya maji vilikuwa na utelezi wa kijani. Chanjo alinunua duka lilelile. Kuku wake walinenepa na kutaga kama wanaoshindana.

Tuseme ukweli. Wivu ulimkaa Mama Usafi kooni kama mwiba wa samaki. Jogoo wa wifi akiwika, yeye alifunga dirisha.

"Dada ana mkono wa baraka," mumewe alisema siku moja wakinywa chai.

"Na wangu una nini? Upele?"

"Sijasema hivyo, mke wangu. Lakini tumefukia kuku mara mbili. Hawa vifaranga wapya nao wakifa, banda tumpe dada. Yeye anaweza."

Mama Usafi aliweka kikombe chini. Banda lile alilijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Kumpa mtu yeyote kungeuma. Kumpa wifi kungemtoa roho.

Basi akaanza kumchunguza. Akagundua kwamba kila Jumatano wifi hubeba mkoba na kwenda kwenye maktaba ya umma.

"Kumbe!" alijisemea. "Siri anaichota huko. Na mimi hanigusii hata neno!"

Jumatano iliyofuata alimfuata. Alikaa pembeni, akajificha nyuma ya gazeti mpaka wifi akatoka. Kisha akaenda mbio kwa mkutubi, mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa.

"Nipe kitabu alichosoma yule mama aliyetoka sasa hivi."

"Samahani, mama. Anachosoma mtu ni siri yake."

"Yule ni wifi yangu!"

"Hata angekuwa pacha wako." Mkutubi alitabasamu, akavuta kiti. "Keti. Mficha uchi hazai. Niambie shida yako wewe, siyo ya wifi."

Mama Usafi alieleza yote: kuku, chanjo, vifaranga wapya, maneno ya mumewe. Alipofika kwenye banda kupewa wifi, sauti ilimkatika.

"Kwani watafiti wa taasisi ya serikali hawakufika mtaani kwenu?" mkutubi aliuliza.

"Walikuja baada ya wale arobaini kufa. Walichota maji ya bomba langu kwenye vichupa. Wakahesabu mizoga, wakaniuliza maswali. Wakasema majibu yatakuja. Mpaka leo!"

"Majibu yalitoka mwaka juzi. Yalichapishwa kwenye jarida la wataalamu. Bwana mifugo alikuja hapa kuyatafuta. Tulipofungua kompyuta tuliona kichwa cha habari tu. Chini yake kulikuwa na kufuli: lipa kwanza, ndipo usome. Bei ilitushinda, yeye na maktaba."

"Ngoja kidogo. Hao watafiti walilipwa na nani?"

"Na serikali, kwa kodi za wananchi. Hata sabuni unayonunua ina kodi ndani yake."

"Na mimi nanunua sabuni nyingi!"

"Basi umechangia sana."

Mama Usafi hakucheka. "Nilitoa kodi. Nilitoa maji. Nilitoa kuku. Halafu nilipe tena ndipo nijue walikufa kwa nini? Na wale sitini wamekufa mwaka jana, jibu lipo, limefungiwa!"

"Watu wengi walilalamika kama wewe," mkutubi alisema taratibu. "Watafiti wenyewe pia. Wao hutaka kazi yao isomwe. Sasa kanuni imebadilika. Utafiti uliolipiwa na umma lazima uwekwe wazi kwenye mtandao, kila mtu ausome bure. Tena taasisi imeweka muhtasari kwa Kiswahili chepesi. Sogea, tusome."

Walisoma pamoja. Mama Usafi alifuata mistari kwa kidole. Kwenye ukurasa wa pili alikuta orodha ya mabanda. Hayakuwa na majina, ila namba. "Banda la nane," alisoma polepole. "Safi sana. Maji ya bomba, yameongezwa dawa ya maji. Kuku arobaini walichanjwa. Wote walikufa."

"Ni mimi huyu," alisema. Machozi yakamlengalenga.

Mkutubi aliendelea kwa upole. "Chanjo hii ni kitu hai, mama. Ndani yake mna virusi vya kideri vilivyodhoofishwa, ili mwili wa kuku ujifunze kupigana navyo. Maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu. Kwetu sisi ni nzuri. Lakini inaua chanjo pia. Na wewe ukaongeza nyingine!"

"Kwa hiyo usafi wangu ndio uliowaua?"

"Hapana. Usafi endelea nao. Dawa ndiyo isikutane na chanjo."

"Na wifi?"

"Anatumia maji gani?"

Mama Usafi alikumbuka. Wifi alikinga maji ya mvua kwenye pipa, kwa uvivu wa kwenda bombani. Baraka yote ile ilikuwa pipa!

Mkutubi alimchapishia karatasi. Ilisema hivi: tumia maji safi ya mvua au ya kisima, yasiyotiwa dawa. Kama yapo ya bomba tu, koroga kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, usubiri nusu saa, ndipo utie chanjo. Maziwa hupunguza nguvu ya klorini. Siku hiyo vyombo visuuzwe kwa maji hayohayo, bila sabuni wala dawa. Kuku wakae na kiu saa moja au mbili kwanza, wanyweshwe kivulini, na maji yaishe ndani ya saa mbili.

Mama Usafi alifanya yote, neno kwa neno.

Wiki moja baadaye alisikia nyundo nyuma ya ukuta. Mvua ilikuwa imechelewa, pipa la wifi limekauka. Fundi alikuwa anamfungia bomba jipya.

"Wifi, njoo uone!" wifi aliita kwa furaha. "Sasa na mimi nina maji safi kama yako. Kesho nachanja!"

Mama Usafi alitabasamu, akarudi ndani. Karatasi ilikuwa mezani. Moyoni alisikia utamu mbaya. Kesho wifi atachanja kwa maji ya bomba. Kideri kitakuja. Nani atasemwa ana mkono wa baraka?

Aliigeuza karatasi, akaifunika kwa sahani. Akakaa. Lakini hesabu ya banda la nane haikumtoka akilini. Mtu fulani alikuwa na jibu, na yeye akafukia kuku sitini.

"Na mimi nataka kuwa kufuli?" alijiuliza kwa hasira. Alinyakua karatasi, akatoka.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho huku mikono iko kiunoni. "Umeyapata wapi haya?"

"Maktaba. Nilidhani huko ndiko unakopata siri zako."

"Siri? Mimi naazima hadithi za mapenzi!" Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha. "Una maziwa ya unga?"

Kideri kilikuja mwezi uliofuata. Kilipita kwenye mtaa, kikaacha mabanda mengi matupu. Kwenye mabanda yao mawili hakufa hata kuku mmoja. Mume wa Mama Usafi hakutaja tena habari ya kutoa banda.

Mama mkwe alikuja kuwatembelea. Alitazama kuku wa binti yake, akapiga makofi. "Mwanangu huyu! Mkono wa baraka!"

Mama Usafi aliinama, akaanza kuokota manyoya yaliyoanguka.

"Mkono gani, mama?" wifi alisema. "Wangekwisha wote. Mke wa mwanao ndiye aliyekuja kunisomea."

Mama mkwe alimgeukia Mama Usafi. "Wewe ulijua, ukamwambia? Ningekuwa mimi ningenyamaza."

"Nilinyamaza kwanza, mama," Mama Usafi alijibu. "Lakini kuku walikuwa wake, na kodi alitoa na yeye."

Jirani aliyepoteza kuku wake wote alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza. "Karatasi hiyo," aliuliza kwa sauti ndogo, "na mimi naruhusiwa kuisoma?"